Tata, Mguu Wako Nimeuona Huku Ujerumani

Hospitali ya Mashemasi,
Ujerumani Magharibi,
majira ya baridi.

Kwa baba yangu, Tata mpenzi, Kimwani, Muleba.

Tata, shikamoo, na kwa lugha yetu, kasinge waitu. Umeamkaje? Mama ameamkaje, na mgongo wake? Migomba imesimama au upepo umeilaza? Kahawa mmeanika? Yule mbwa wetu asiyejua kubweka bado yupo? Nauliza moja moja kwa sababu salamu fupi huitaki, na kwa sababu barua hii yote inahusu salamu zako, utaona mbele. Najua umehitimu elimu ya watu wazima na unaweza kuisoma mwenyewe, lakini utamaliza msimu wa senene ukirudi. Mwachie Kokugonza asome. Na wewe dada, usiruke mahali ninapomtania.

Mimi ni mzima, nimenenepa mashavu. Waliosema mtoto aliyekataliwa na sekondari hatafika hata Bukoba mjini, waambie nimeipita Bukoba, nimeipita na bahari, na sasa nafanya kazi kwenye mitambo ambayo hata mchungaji wetu, aliyeniombea nafasi hii kwa Wakristo wenzetu wa huku, hajaiona. Kazi yenyewe ni kusukuma vitanda vya magurudumu vyenye wagonjwa. Hilo la vitanda si lazima hao wa Miembeni walionicheka walijue. Kijerumani nakisema. Wanaonisikia wanacheka, lakini wananijibu.

Chakula chao ni viazi. Nilimwomba mpishi ndizi, akaniletea moja, mbivu, imelala peke yake kwenye sahani, na kisu na uma pembeni. Nikaila kwa adabu. Usiku niliota kibanja chetu cha migomba.

Sasa tuingie ndani. Kokugonza aliniandikia kwamba kidole cha mguu wako wa kushoto kina kidonda kisichotaka kupona. Kwamba jioni unauweka mguu huo karibu na mafiga kwa kuwa hauna joto. Kwamba umemwita yule mzee wa ng'ambo ya kijito aje akuchanje shavu la mguu, atoe damu mbaya. Tena kwamba Ta Ishengoma, balozi wetu wa nyumba kumi, alisema mbele ya mkutano kuwa unategea shamba la kijiji, unafika wenzako wameshalima, na wewe ukanyamaza. Tata, wewe kunyamaza mkutanoni? Hapo ndipo niliposhtuka.

Maana wiki hiyohiyo nilikuwa na Mzee Otto. Huyu ni fundi viatu, mwembamba, mtani kuliko mimi, na kiko hakimtoki mdomoni. Kabla hajalazwa nilitumwa kumchukua kwake, si mbali na hospitali, tukaja kwa miguu. Tukatembea kidogo, akasimama kwenye dirisha la duka la mikate. Tukaenda, akasimama kwenye dirisha la saa. Tukaenda tena, akasimama mbele ya duka la nguo za ndani za wanawake, akazitazama kwa utulivu kama anasoma Zaburi. Nikasema moyoni, huyu babu uzee haujamfundisha kitu.

Tulipofika nikamsimulia Dada Gerda, muuguzi wetu, nikitaka acheke. Hakucheka. Akaniambia mzee yule haoni hata kilichomo madirishani. Mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba. Akitembea, shavu la mguu linakosa damu, linambana kama limefungwa kamba. Akisimama, maumivu yanaisha, anaendelea, yanarudi palepale. Sasa mtu mzima anaona aibu kusimama njiani bure, kwa hiyo anajifanya anatazama bidhaa. Wagonjwa wa namna hiyo ni wengi mpaka Wajerumani wanauita ugonjwa huo ugonjwa wa madirisha ya maduka.

Nikacheka sana. Halafu, Tata, kicheko kikanikauka mdomoni.

Kimwani hatuna madirisha ya maduka. Tuna watu wa kusalimia.

Nikakuona unatoka nyumbani kwenda chama cha ushirika. Unasimama kwa Ta Ishengoma, unauliza watoto wake wote kwa majina. Unasimama kwenye mbuni wa mpakani, unasalimia anayechuma kahawa. Unasimama kijitoni. Kijiji kizima kinasema hakuna mwenye heshima kama wewe, ndiyo maana wanakupa usemaji kwenye posa zote. Na mimi nilijivuna nawe. Lakini siku ile tunakwenda kanisani, ulisimama kwa Ma Paulina na hapakuwa na mtu, wote walishatangulia ibadani. Ukamsalimia mbuzi. Ukamwuliza habari za kwao. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, na wewe ukaniacha nicheke, umeshika mti wa ua kwa mkono mmoja.

Ulikuwa unaumia, Tata. Ukaona afadhali tukuone mcheshi, na baadaye afadhali balozi akuite mtegeaji, kuliko kusema mguu hauendi.

Sasa nikueleze walivyomfanyia Mzee Otto, kwa sababu nilikuwepo, nilimsukuma mimi, na daktari aliniruhusu nisimame nyuma ya kioo. Usidhani walimpasua. Walimchoma sindano ya ganzi kwenye kinena, wakatoboa tundu dogo tu kwenye mshipa. Hapo wakapitisha waya mwembamba unaopinda kama mkia wa panya, wakiutazama kwenye televisheni ya eksirei jinsi unavyoteremka ndani ya paja. Mzee yuko macho, anawauliza kama wanatafuta kiko chake humo. Ulipovuka mahali palipoziba, wakaufuatisha mrija wenye kipira kidogo kwenye ncha. Kipira kikajazwa, kikavimba, kikausukuma ule uchafu ukutani mwa mshipa. Wakakifyonza kikanywea, wakachomoa vyote. Daktari akabaki amekandamiza kinena kwa mkono wake mwenyewe muda mrefu, damu isitoke. Hakuna uzi, hakuna kovu la kumwonyesha mtu.

Nilipomrudisha wodini Mzee Otto akanivuta mkono akauweka juu ya mguu wake. Asubuhi ulikuwa kama samaki aliyetoka ziwani. Sasa una joto, na chini ya ngozi kuna kitu kinagonga, kidogo, kama kifaranga ndani ya yai. Akaniambia, "Huyo ni mimi. Nimerudi."

Hapo nikajitia ujasiri nikamfuata daktari, nikamweleza habari zako mpaka mbuzi. Wenzake walicheka, yeye akaniuliza mengi: maumivu yanaisha ukisimama? Nywele za mguu zimenyonyoka? Unavuta tumbaku? Nikasema Tata bila kiko si Tata. Nikamwomba nikulete. Akasema mambo haya ni mapya hata kwao, mahospitali yanayoyafanya yanahesabika, na si kila mshipa unakubali kipira, mingine bado inataka kisu. Kwenye chumba cha pili ninaye mgonjwa ambaye mshipa mkuu wa damu ulimvimba tumboni, tayari kupasuka, na huyo walimfungua kuanzia kifuani mpaka chini ya kitovu. Daktari anasema iko siku hata huo watautengeneza kwa kupitia tundu la kinena. Wenzake wakacheka tena. Mimi sikucheka, nimeshaona waya unavyotembea.

Lakini alilolisema la mwisho ndilo ninalokutumia, na nalitafsiri kama lilivyotoka: "Mwambie baba yako kidonda hicho si cha kungoja. Mguu usiopata damu ukichanjwa hauponi, na ukiwekwa motoni unaungua bila yeye kujua. Aende hospitali sasa, na kiko akiache leo, siyo baada ya mavuno."

Kwa hiyo, Tata, mimi mwanao nisiyewahi kukuamuru hata kunipisha, leo nakuomba kwa nguvu. Mzee wa ng'ambo ya kijito mkirimu kibuyu cha pombe ya rubisi, mpe na kahawa ya kutafuna, arudi kwake na wembe wake. Mguu uvalishe soksi nilizozifunga pamoja na barua hii, usiupeleke mafigani. Nenda hospitali ya misheni, wakushike miguu yote miwili na tumbo pia, maana tumbaku hiyohiyo ndiyo inayoharibu ule mshipa wa tumboni. Waambie kila kitu, na la mbuzi. Kidonda kikipona, daktari anasema utatembea kila siku mpaka mguu uanze kuuma, usimame, uendelee, damu ijitafutie vichochoro vingine. Na ukisimama, simama tu. Mtu akiuliza, sema mguu unauma. Heshima yako haitapungua, nami nikirudi nitasimama pamoja nawe, hata mbele ya balozi.

Nisalimie mama, mwambie soksi za bluu ni zake na asimpe mtu. Msalimie baba mdogo aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwa kuniachia mlimani. Msalimie shangazi wa Kanazi, habari za yule binti wa jirani yake nimezisikia, lakini posa yangu haiendi bila msemaji, na msemaji ni wewe, kwa miguu yako miwili. Ta Ishengoma mweleze ukweli, halafu umsalimie. Kwa Ma Paulina wasalimie wote, na yule mnyama.

Dada Kokugonza, sasa kunja barua. Piga magoti hapo alipokaa Tata, weka vidole viwili juu ya mguu wake wa kushoto, chini ya kifundo, kwenye mstari wa kidole gumba na jirani yake. Usikandamize. Nyamaza, usikilize kwa vidole. Halafu fanya hivyo na mguu wa kulia. Uniandikie upi unagonga.

Tata, usiurudishe mguu. Mwache akushike.

Ni mimi mwanao, bwana mitambo,
Kaijage