Mkanda Wako Nimeupeleka Kibiti

Shoga yangu Zaituni,

Usinikasirikie kabla sijamaliza. Nakujua, hapo ulipo ungeshashika kiuno. Mkanda wako nimeupeleka Kibiti kwa fundi. Ndiyo, ule ule wa video, wa harusi yako, wa uani, wanawake peke yao. Na tangu nirudi situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nainukia nini. Jana nimeunguza wali, mie, mtu niliyezaliwa jikoni.

Ngoja nikueleze, maana sina mwingine wa kumweleza.

Sharifa wako amekua. Ulimwacha hata kukaa hajajua, leo posa yake imepokelewa, tukimaliza mfungo anaolewa. Mrefu kama wewe, mbishi kukushinda. Lakini hakujui, Zaituni. Ana ile picha yako moja tu ya studio, umekaza shingo kama umeitwa polisi. Kakua anaitazama hiyo. Siku moja tunapukuchua mahindi akaniuliza, "Mama mdogo, hivi mama alikuwa mkali sana?"

Mkali! Wewe uliyecheka kwenye hitima ya watu mpaka tukakutoa nje! Iliniuma, shoga, iliniuma kweli. Nikaropoka, "Mama yako ninaye ndani kwenye mkanda, anacheka na kucheza." Basi nikawa nimejitia kitanzi kwa mkono wangu. Tangu hapo sikupumua. Nikienda kisimani, mkanda. Nikimenya muhogo, mkanda. Mtoto king'ang'anizi yule, sijui kamrithi nani.

Unakumbuka ulivyopatikana? Enzi zile za ruksa, vitu vinamiminika, kaka yako katoka Dar na likamera la kubeba begani. Wazee wakasema mwanamume haingii uani, labda wafe wao kwanza. Nikabebeshwa mimi, nikaonyeshwa kidude cha kubonyeza, basi, nikawa mpiga picha. Nusu ya mkanda ni miguu ya watu na makuti ya paa. Bi harusi kawaida yake ainamishe uso atulie. Wewe ngoma ilipokolea ukatupa shela huko, kichwa wazi, kanga moja kiunoni, ukaingia kati. Kungwi wako akashika mdomo.

Tuliutazama kwa deki ya video ya jirani Bakari, ile aliyoinunua alipouza korosho, na yeye mwenyewe tukamfukuza akakae barazani. Ulicheka mpaka machozi. Kisha ukautoa, ukanipa mkononi. "Huu ukae kwako, shoga. Usitoke."

Haukutoka. Umekaa sandukuni chini ya doti zangu za kanga, ufunguo kiunoni mwangu. Mie mkanda naupenda kwa hilo. Mkanda una adabu. Ni mmoja, unakaa nyumba moja, anayeutaka aje apige hodi nimtazame usoni kwanza. Lakini nilipoufungua kwa ajili ya Sharifa nilishtuka. Ukungu, Zaituni. Mweupe, umetambaa pembeni. Deki ya Bakari ilishakufa zamani, kuku anatagia humo. Nikaulizia, nikaambiwa dawa ni moja tu: upelekwe kwa fundi wa pale stendi ya Kibiti, auingize kwenye kompyuta, autoe kwenye CD. Na nisichelewe, ukungu ukifika katikati hakuna tena cha kuingiza.

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Kwani siku hizi mambo si kama ulivyoyaacha. Vijana wana simu zinazomeza nyimbo na picha, wanarushiana simu kwa simu, wamekaa tu hivi, hata waya hakuna. Kuna bibi harusi mmoja wa kule Umwe, mkanda wake wa uani ulipelekwa kunakiliwa, sijui wapi. Wiki haijaisha, mumewe kaukuta kijiweni, wanaume wanautazama huku wanakunywa kahawa. Lo! Yule binti mpaka leo akipita njiani anajifunika gubigubi.

Nikawa najiuliza na kujijibu kama mwehu. Tulikuogesha, tukakuvisha sanda, tukazungushia shuka kaburini wakati wa kukushusha ili jicho la mtu lisikufikie. Leo nije nikuvue kwa kompyuta? Halafu nikimwona Sharifa anafuta vumbi ile picha ya shingo ngumu, moyo unageuka. Mtoto ataolewa anaamini mamake alikuwa askari. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini na ukungu nao ukishakula umekula. Nilikuwa nakuuliza hata nikiwa shambani, kwa sauti, wapita njia wakaanza kunipa pole.

Asubuhi moja nikasema liwalo na liwe. Nikauzungushia kanga, nikaenda.

Fundi mwenyewe anaitwa Seifu, kijana wa heshima tu, ila ana macho na mimi macho ya watu siyaamini. Akaniambia mkanda ukinakiliwa lazima utembee wote, mwanzo mpaka mwisho, kama unatazamwa. Nikamwambia, "Sawa, na wewe geuka utazame ukuta." Akadhani natania. Nikavua kanga yangu ya juu nikaifunika ile TV yake. "Mama, nitajuaje kama picha inaingia?" "Mungu ataiingiza." "Basi angalau nisikie sauti." "Sauti ya mwanamke unaitakia nini? Zima." Akakaa, maskini, ameupa mgongo mtambo wake mwenyewe, wateja wanachungulia wanadhani kapandisha mashetani anapungwa.

Ulipoisha akanipa CD. Nikamwambia, "Sasa futa humo ndani." Akafuta. "Futa tena." "Mama, nimefuta." Nikamkazia macho mpaka akakiri kwamba humo ndani kuna pipa la taka, kinachofutwa kinakaa kwenye pipa. Umeona watu! Angeninyamazia. Nikamwambia na hilo pipa limwagwe, nikasimama nikashuhudia linamwagwa. Na bado hapa ninapokuandikia sina uhakika. Mkanda ukiuchoma, unaona moshi. Hiki kimefutika kimekwenda wapi? Hakuna moshi, hakuna jivu, kuna neno la Seifu tu. Hilo ndilo linaloniinua kitini.

Nikamwita Sharifa mchana, umeme upo, mlango komeo, dirisha nimeziba na mkeka. Joto la kufa mtu. Tukaiweka CD kwenye deki mpya ya kuazima.

Ikaja miguu. Yakaja makuti. Ngoma inalia, vigelegele, sauti ya marehemu bibi yako akiwakemea watoto. Halafu ukatokea wewe. Sharifa akasogea kwa magoti mpaka karibu aguse kioo. Umecheza, Zaituni! Nilisahau ulikuwa unacheza namna ile, mtu angesema huna mifupa. Ukacheka, mwanya ukaonekana, na mtoto akapeleka kidole kwenye mwanya wake, hata hakujua kakipeleka.

Ndipo uliponiona na kamera. Ukaja moja kwa moja, uso wako ukaijaza TV nzima, jasho linakutiririka. "We Mwanahamisi! Zima! N'takuchapa, zima nimesema!"

Sharifa akainuka, akazima.

Nikamwambia, "Mwanangu, mbona umezima? Alikuwa ananitania mimi, bado kuna sehemu nzuri huko mbele." Akanigeukia, anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. "Mama kasema nizime." Kisha akasema, "Hajawahi kunituma kitu, mama mdogo. Nikatae leo?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kisha nikaitoa CD nikampa mkononi.

CD anayo yeye, kaitia kwenye kasha la vitu vyake vya harusi. Akiiwasha tena, ni juu yake na mamake, mie nimejitoa. Ile picha ya studio kaigeuza inatazama ukutani, anasema huyo si wewe.

Sasa pumzika, Zaituni. Mungu akutanulie mahali pako na akutie nuru. Ninakuahidi, siku ya Sharifa nitakaa mlangoni uani nikusanye simu za wanawake wote, na atakayebisha arudi kwao. Kisha nitaingia kati, na magoti yangu haya mabovu, nicheze ya kwangu na ya kwako.

Shogayo,
Mwanahamisi