Mliogopa Jicho Langu

Aston, Birmingham
Februari, mfungo ukikaribia

Dada yangu Zeinab,

Assalamu alaykum. Kwanza nakujulia hali, wewe na shemeji na mtoto, nikitumaini kile kikohozi kimemwachia na zamu za hospitali hazikuchoshi kama mwezi uliopita. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua kwa baridi hii, lakini lifti ya sokoni hataki hata kuiona, anasema lifti ni za wagonjwa. Baba anaendesha basi lake kama kawaida, na siku za mechi hurudi amenuna kwa sababu watu wa mpira wanajaza mtaa mzima na yeye mwenyewe hapati pa kuegesha gari mbele ya mlango wake. Mvua ni ile ile uliyoiacha.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Dada, kwenye simu wewe hunikatiza, ukinikatiza nalia, na nikilia unasema tutaongea nikitulia. Mara hii nataka nimalize. Tena nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Eastleigh, maana ni wewe uliyenikanya, nilipoletwa huku nikiwa na miaka kumi, kwamba mimi na wewe tusiongee lugha nyingine. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, usiruke.

Unajua mambo yalivyoanza, ila nataka uyasikie kwa upande wangu. Huku anayeomba udaktari hufunga maombi yake Oktoba, wenzake wengi wakiwa bado hawajaamua hata wasome nini. Anayeomba chuo kile cha kale ni vivyo hivyo. Mimi nilikuwa naomba udaktari, tena kwenye chuo hicho hicho, na vingine vitatu vya akiba, kwa hiyo tangu kiangazi sikuwa na raha. Mama alinikataza nisimwambie mtu. Si unamjua? Kwake mimba haitajwi, safari haitajwi, nyumba haitajwi mpaka ufunguo uwe mkononi. Jicho, jicho, jicho. Majirani aliwaambia nataka uuguzi hapa hapa mjini. Mimi nikaitikia, sawa Mama, na siku hiyo hiyo nikamwambia rafiki yangu Ayan kila kitu.

Nilimwambia kwa sababu sikuwahi kumficha kitu. Ayan amezaliwa hapa, anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, na ndiye aliyenifundisha basi gani linaenda wapi na mwalimu gani hataniwi. Hata alipopata ile shule ya wasichana ya Sutton Coldfield, akawa anapanda treni kila asubuhi na mimi nikabaki shule ya mtaani, tulikuwa tunangojana stesheni akirudi. Nilipomwambia alinikumbatia, akasema yeye atakuwa wa kwanza kuniita daktari. Nikamuuliza yeye je, akasema anaomba ufamasia, ambao mwisho wake ni Januari, kwa hiyo hana haraka. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Na wewe, Dada, ulinibeba. Hilo sitalikana hata nikiwa na hasira hii. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana ulinipigia kutoka Nairobi, koti la hospitali likiwa bado mwilini, ukanihoji kama maprofesa watakavyonihoji. Ukaniambia nisiwe na haraka ya kutaja jina la ugonjwa, niseme kwanza ninachokiona. Saa ikifika ulikuwa unaniaga kwamba una zamu ya jioni. Nilikuhurumia. Nilimwambia hata Mama akuombee dua, kwamba dada anajiua kwa kazi.

Basi ndiyo Jumapili ile nikakusimulia habari za Bi Kanta. Wewe unajua, lakini acha niiandike. Pale nyumba ya wazee ya Harborne ninapojitolea Jumamosi kuna mama wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, alipatwa na kiharusi, na kila mlo alikuwa anaacha nusu ya chakula. Wauguzi wakadhani ameshiba. Mimi nilikuwa nakaa naye tu kwa sababu ya Kiswahili, alikuwa anafurahi kukitukana nacho chakula chao. Siku moja nikaona kwamba nusu anayoiacha ni ya kushoto, siku zote ya kushoto, kama kwamba upande huo kwake haupo. Nikaizungusha sahani. Akaniambia, kumbe mmeniongeza, akala yote akaimaliza. Ukasema hicho ndicho kisa cha kwenda nacho kwenye usaili, na nisikimalize kwa kumsimulia mtu mwingine. Nikakutii. Sikumwambia hata Ayan. Hicho ndicho kilikuwa cha kwanza kumficha.

Usaili ukawa Desemba, kwa kompyuta, mimi chumbani nimevaa blauzi ya shule na Mama upande wa pili wa mlango anasoma Yasini kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilianza vizuri. Walipouliza nimejifunza nini kwa wagonjwa, nikawapa Bi Kanta. Nilipofika kwenye sahani wale maprofesa wawili wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa upole kama jambo hili nililishuhudia mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kwa namna nyingine. Dada, nilichanganyikiwa. Nikaanza kujieleza kama mtu aliyekamatwa dukani, na maswali yaliyofuata sijui hata nilijibu nini. Nilipokusimulia ulisema hiyo ni mbinu yao, wanampima mtu akibanwa. Lakini sauti yako ilikuwa ndogo. Wakati ule nilidhani ni mtandao.

Januari majibu yakatoka, ya wote siku moja. Mimi wakanishukuru, wakasikitika. Nililia chooni shuleni, nikanawa uso, nikarudi darasani. Ulipopiga ulisema riziki yangu iko kwingine, ukakata haraka. Ayan alikuja jioni na kuku na chipsi, akalia kuliko mimi, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Nilimwambia nyamaza, si mwisho wa dunia. Na simu yake ilikuwa juu ya kitanda changu imelazwa kifudifudi, na majibu yake yamo ndani. Wallahi, nikikumbuka nilivyompangusa machozi natamani kujipiga kofi.

Wiki iliyopita Mama Ayan alialika wanawake kwa chai ya shukrani. Hakusema ni shukrani ya nini. Mama akasema bila shaka Ayan amechumbiwa, akatoa baibui lake zuri. Sambusa zilikuwa tele, halua, chai ya iliki, na sebule imejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Mama Ayan akasimama akatangaza kwamba binti yake amepata udaktari, akataja chuo. Chuo kile kile. Vigelegele vikapigwa, na Mama yetu, Mungu amweke, alipiga cha kwake kwa nguvu kuliko wote huku ameushika mkono wangu. Wakamsukuma Ayan aeleze aliulizwa nini. Hakutaka. Alikuwa haniangalii. Mamake akamwambia asione haya, awasimulie ile ya yule bibi na sahani.

Akasimulia. Kwa Kiingereza chake kizuri, sahani, kiharusi, nusu ya kushoto. Eti alimwona bibi huyo, eti akaizungusha sahani. Ayan, ambaye nyumba ile ya Harborne hajawahi kuikanyaga hata kibarazani! Mimi nimekaa na sambusa mdomoni, siwezi kuimeza wala kuitema, na ninachofikiria ni kimoja tu. Kisa kile nilikuwa nimewaambia wale maprofesa, na wewe.

Nilimvuta jikoni nikafunga mlango. Hakukana. Alilia, akaniambia yote, na sasa nakurudishia wewe kama alivyoniambia, ukiona pameongezwa unisahihishe. Kwamba mamake alikupigia tangu Septemba, akakukumbusha alivyokupikia na kukulaza kwake ulipokuwa mwanafunzi huku. Kwamba ulikubali kumfundisha. Kwamba zamu yako ya jioni ilikuwa ni Ayan. Kwamba kisa cha Bi Kanta ulimpa kama mfano wa kutazama, bila kutaja jina langu, na yeye akajua ni changu na akakibeba, na usaili wake ulikuwa siku moja kabla ya wangu. Na kwamba Mama Ayan aliweka sharti: Fosia asijue. Kwa sababu Fosia anataka kitu hicho hicho, na jicho la anayetaka kitu chako ndilo linaloangusha. Ukasema sawa.

Nimelizungusha hilo sawa kichwani kila siku tangu hapo.

Sikiliza, Dada. Sikulaumu kumfundisha. Ungeniambia, tungekaa watatu kila Jumapili, na angenipita kwa haki ningempigia vigelegele mwenyewe. Anao uwezo, siku zote alikuwa nao. Wala sisemi alikaa kwenye kiti changu, pengine ningekosa hata bila sahani ile. Chuo nacho kingejuaje? Waliletewa bibi mmoja na wasichana wawili, wangemwamini yupi? Ayan naye nimemkasirikia mpaka nimeshindwa kujibu ujumbe wake, na huo unakuja kutwa. Lakini Ayan ana miaka kumi na minane na mamake yuko naye nyumba moja. Wewe mamake si wako, na nyumba si yako. Wewe ulikuwa mbali huko, mtu mzima, daktari, na ungeweza kusema la.

Kinachoniuma ni jicho. Mama anaficha mambo kwa watu wa nje, sawa, ndivyo alivyolelewa. Lakini mimi ni wa nje? Ulinisuka nywele tangu sijui kusema. Ulinipa kitanda chako ukalala chini wewe. Halafu mtu anakuambia mdogo wako ana jicho la kumwangusha rafiki yake, na wewe unakaa katikati yetu kumkinga yeye nisimdhuru. Kila Jumapili unanitazama machoni, unacheka nami, na unajua unanificha nini. Nataka kujua jambo moja tu, ulijibu sawa kwa sababu ulimwonea haya Mama Ayan, au kwa sababu uliamini? Usinijibu kwa simu. Na usinijibu upesi.

Nikwambie pia lililo kweli, maana siandiki barua hii kujipamba. Siku ile ya chai nilimwonea Ayan wivu. Nilimwangalia amesimama pale na gauni lake la kijani na nikatamani apoteze kila kitu. Sikuwahi kumtamania baya mtu katika maisha yangu. Kama jicho hilo lipo kweli, basi nililipata siku hiyo, na nyinyi ndio mlionipa.

Juzi umenitumia ile picha ya kila mwaka ya kuombana radhi kabla ya Ramadhani, ile yenye mwezi mwandamo na maua, umewatumia na binamu wote. Sikuijibu. Sikuweza kuandika neno nimekusamehe chini ya maua ambayo shemeji wa Garissa naye ameyapata. Nitakusamehe, naijua nafsi yangu, ila bado, na sitaki kukudanganya kwenye mwezi mtukufu.

Sasa la mwisho. Jumatatu nimepata nafasi. Ni udaktari, ni kwenye kimojawapo cha vile vyuo vitatu vya akiba, na wameniandikia maneno ambayo nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi. Nilichukua simu, na kidole kikaenda moja kwa moja kwenye jina lako. Nikairudisha mfukoni. Kwa Ayan siwezi kwenda. Mama nikimwambia atakupigia kabla sijavua viatu, kwa hiyo Mama hajui bado, na Baba hajui. Ilibidi furaha yangu niipeleke kwa Mzee Gurnam wa duka la vitambaa, yule Singasinga wa Kisumu, kwa sababu tu nilimkuta amesimama mlangoni akaniuliza mbona nacheka na kulia. Alikata yadi nne za kitambaa kizuri alichonacho akanipa, akakataa pesa. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, anakuja kwa harusi ya mjukuu wake Parklands. Mkaribishe chai, ni mtu mwema. Anajua ni chuo gani. Usimsumbue kumuuliza, nimemwapisha, na nilipomwambia wewe usikijue mpaka mambo yatimie aliniuliza mara mbili kama wewe si ndiye dada yangu wa tumbo moja.

Nikamwambia ndiye.

Msalimie shemeji, na mtoto mpige busu la mama yake mdogo. Mama na Baba wanakusalimu sana, na hawajui nimekuandikia nini. Nakutakia mfungo wenye kheri.

Ni mimi mdogo wako,
Fosia