Simu Yangu na Udi wa Sumayiya

Makindye, Jumapili

Kwako kaka Fadhul,

Pokea salamu za mdogo wako. Goti limeacha kukusumbua? Shemeji na watoto wazima? Huku tuko, Mungu anatuchunga.

Kaka, katika mlima huu wote hakuna mwanamume mwenye bahati kama yangu. Sumayiya uliyeniposea, mwaka wa sita sasa, hajalala nje ya nyumba yangu hata usiku mmoja. Wengine ndoa wanaisikia kwa majirani. Mimi naishi ndani yake.

Ila nikuchekeshe. Injini ya lori ninaloendesha ilikufa, nikakaa nyumbani mwezi mzima na simu. Siku moja ikaniletea video ya jamaa mwenye suti akieleza dalili za mke anayetoka nje. Nikaitazama mpaka mwisho, kucheka tu. Kesho yake zikaja tano. Wiki haijaisha, simu nzima ni wake wasaliti, wote wamebadilisha manukato, wote wana shoga wa kumtembelea. Na Sumayiya kila Alhamisi alikuwa kwa shoga yake Zuleika, anarudi ananukia udi mpaka kwenye nywele! Mimi Mnubi, niliyekulia ndani ya moshi wa udi wa mama, niliyefika Juba na Goma, nikasahau kwamba wanawake wetu hufukiza. Nikamwamini mwenye suti.

Nikaenda Mengo kwa Oyet, fundi wa simu, nikamwomba anifungulie siri za simu ya mke wangu. Alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Akasema simu yangu haimjui Sumayiya, inanijua mimi. Ukitazama kitu mpaka mwisho inadhani ndiyo njaa yako, inakupakulia tena. Yeye simu yake humletea mbuzi tu asubuhi na jioni, kwa kuwa aliwahi kumtazama mmoja aliyepanda mti.

Jana nikamfuata Sumayiya Kasubi kwa mama yake. Usiniulize bado alikuwa huko kwa nini. Nikamwonyesha simu yangu, aibu yote. Akanionyesha yake. Imejaa wanaume wanaoanguka ghafla: presha, moyo, mawazo! Aliniona sili vizuri, sisemi, namkodolea macho tu, na simu ikamwambia mumeo anakwisha. Alhamisi zote hizo, yeye na Zuleika walikuwa wanafukiza udi na kunisomea dua. Kaka, mimi namwona msaliti, yeye ananiona maiti, na tunakula sahani moja! Tulicheka mpaka mama mkwe akatoka na mwiko mkononi kuuliza nani amekufa.

Nimepumua, kaka. Nakula, nalala. Lori limepona, Jumanne nakwenda Juba. Msalimie shemeji, uwabebe watoto mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Lakini wewe ndiye uliyenidhamini mbele ya wazee wake, kwa hiyo usiisikie kwa watu. Ile ya kwamba hajalala nje hata usiku mmoja ni uongo. Amelala kwa mama yake siku tisa, na sanduku lake nililitoa nje mimi mwenyewe. Amerudi leo asubuhi.

Mdogo wako,
Nasif