Nyota Zilizohesabiwa Mara Mbili

Chuoni, mwezi wa pili

Baba yangu,

Shikamoo. Na mama naye shikamoo, popote alipo kati ya jiko na shamba. Barua yako, ile aliyoipitisha mjomba Biharamulo, nimeipata, na nimefurahi kusikia goti lako lina nafuu na miti mliyopanda pale wakimbizi walipokata kuni imeanza kutoa kivuli. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka. Najua Astera ndiye anayekusomea, kwa hiyo namwomba mdogo wangu asiruke neno hata nikitukana.

Umeniuliza tena kazi yangu ni kazi gani hasa. Baba, kuna darubini kubwa inayopiga picha anga, kipande baada ya kipande, na kompyuta inahesabu galaksi zote zilizomo. Galaksi ni nyota nyingi mno zinazokaa pamoja, kama kijiji. Sisi tunatazama vijiji hivyo vimesongamana wapi na vimeachana wapi, kwa sababu kuna kitu kinausukuma ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi, na hakuna aliyekiona. Tunakiita nishati ya giza. Likizo ile nilipokueleza ulisema, "Yaani wanakulisha kwa kutafuta kisichoonekana? Padri naye afanye nini?" Tulicheka sana. Siku hizi sicheki.

Mwezi wa kumi na moja niligundua kosa. Vile vipande vya picha hupandana kidogo pembeni ili pasibaki pengo. Ni kama tuhesabu migomba yako, wewe ukianzia juu na mimi bondeni, halafu mstari wa katikati tuuhesabu sote wawili. Kompyuta ilitakiwa kuliona hilo na kufuta hesabu ya pili. Upande mmoja wa anga haikufuta. Galaksi kibao zimeandikwa mara mbili, nasi tulikuwa tunashangaa kwamba huko zimesongamana! Nikizitoa zile za pili, jibu letu kubwa, lile walilokwisha kulitangaza kwa mbwembwe, linalegea.

Nikampelekea profesa, mkuu wetu. Alikuwa anakula mkate wenye samaki wa kopo juu ya karatasi zangu. Ndivyo wanavyokula hapa, baba, mezani pa kazi, mafuta yanachuruzika hadi kwenye hesabu. Akasoma, akalamba kidole, akafunua ukurasa kwa kidole hichohicho. "Umeona vizuri," akasema. "Lakini makala imeshapelekwa kwenye jarida. Tutarekebisha kwenye makala ijayo." Nikamwambia huo ni uongo. Akatabasamu, akasema neno hilo ni kali mno. Kwetu tunasema njia ya mwongo ni fupi, ila hapa wameitia lami.

Lakini kinachonichefua zaidi si yeye, ni mimi. Nilirudi kwenye kiti changu nikanyamaza miezi mitatu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na yeye ndiye anayeamua kama naongezewa. Kila asubuhi alinigonga bega, nami nikachekacheka kama mjinga. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikaona kinyaa.

Wiki iliyopita zikaletwa karatasi za ile makala ili kila mtu atie sahihi chini ya jina lake. Nikiwa na kalamu mkononi nikakumbuka siku ile wakimbizi walipohesabiwa. Astera alikuwa mdogo, hajaanza hata shule. Mama alimwazimisha kwa Mama Domitila, yule rafiki yake wa Burundi, ili nyumba yake kambini ionekane ina watu wengi na mgawo wa mahindi tugawane. Kijiji chetu kizima cha Ntobeye watu waliazimana watoto, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi ndiye niliyempeleka hadi kwenye uzio, na jioni nikampokea ana wino wa zambarau kidoleni, alama ya waliohesabiwa, anaringa nao.

Ulipouona ule wino hukumpiga mtu. Asubuhi ulimshika Astera mkono, mimi nikawafuata nyuma kwa aibu, mpaka kwenye meza ya karani. Ukasema, "Mtoto huyu ni wangu, wa Ntobeye. Mumfute." Karani akacheka: "Mzee, una wazimu? Watu wanalia waandikwe, wewe unalia ufutwe!" Ukasimama palepale mpaka akachukua kalamu.

Nilikuchukia, baba. Leo naweza kukuambia. Mahindi ya njano yalikatika, tukarudia mihogo mitupu, na mama hakusema nawe siku mbili. Nilidhani unajitafutia sifa. Tulisugua kile kidole kwa majivu na limau, wino ukakataa kutoka, mpaka ulipofifia wenyewe baada ya siku nyingi.

Basi juzi nikaenda kwa profesa. Nikamwambia, "Zile za pili zifutwe. Kama hazifutwi, lifute jina langu." Akanitazama kama karani yule. "Wenzako wanalilia jina lao liwemo humu," akasema. Nikasimama palepale. Akachukua kalamu. Galaksi amezibakiza zote, mimi ndiye niliyefutwa. Nimewaandikia na wenye jarida nikiwaonyesha kosa lilipo, sijui kama watajibu. Mkataba, ameniambia, nisahau.

Wale uliowaambia kanisani kwamba jina la mwanao litasomwa dunia nzima, waambie halimo. Waambie na sababu. Mwezi wa sita nakuja nyumbani, sina kazi, na jembe langu mlitafute.

Nisalimie mjomba wa Biharamulo aliyeibeba barua, na shangazi aliyeolewa Nyabusozi. Mama Domitila, kama bado yuko kambini, mpe salamu zangu. Mama mwambie simlaumu, njaa ilikuwa yetu sote.

Nawe Astera unayesoma, usikunje karatasi kwanza. Inua kidole chako baba akitazame. Kisha mwambie changu nacho kimetakata, ila kimechukua miezi mitatu.

Mwanao,
Gervas