Mbao za Dari ya Mama

Jumatatu, 4 Machi
Mbao za dari ya chumba cha mama zimefika. Mbichi — utadhani zimetoka kuoga. Nimezipanga karakana, vijiti katikati ya kila safu, upepo upite zikauke. Shemeji, mume wa dada, kasimama mlangoni, mikono mifukoni. Eti nacheza kijumba cha watoto. Na yeye fundi huyo! Mbao mbichi huota ukungu, na mama ana pumu, amesahau?

Alhamisi, 7 Machi
Mvua. Nafika, vijiti vyangu vimechemshiwa chai. Mbao zimelaliana, zimefunikwa nailoni gubigubi. Shemeji anasema kazikinga zisilowe. Nikamwambia maji yako ndani ya mbao, sasa kayafungia humo humo. Akasema mimi mjuaji, ndiyo maana hakuna anayeweza kuishi na mimi. Haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Sizigusi tena. Zivunde, azitupe watu wakiona.

Jumatano, 20 Machi
Nimechungulia. Ukungu — kijivu, mweusi, unanuka kiatu kilicholowa. Nimefurahi, nisijidanganye. Nikarudishia nailoni kama ilivyokuwa. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 23 Machi
Nimetoka kupachika mlango mpya kwa mteja, narudi karakana tupu. Mshenzi yule kafuta ukungu kwa kitambaa, kapitisha randa juujuu, kapigilia zote! Juu yake rangi ya mafuta. Dari inang'aa. Mama kaangalia, kasema mkwe wake ana mikono ya baraka. Nikasema mbao zimeoza. Dada akasema nina kijicho.

Jumapili, 31 Machi
Mama hakulala kwa kukohoa. Pembeni mwa dari rangi imevimba malengelenge, madoa meusi yanachungulia. Nikaingia na mtaimbo. Nikasema nang'oa, anayetaka kunizuia aje. Shemeji kainama, anaangalia miguu yake. Kumbe ana haya! Nikampa yote niliyokuwa nayo kifuani — mvivu, mbishi, muuaji.

Mama kakaa kitandani, dawa yake ya kuvuta mkononi. Akaniacha nimalize. Halafu akauliza, polepole, pumzi zinamkatika: mkwe wangu hakujua, sawa. Wewe uliyejua, uliuona lini huo ukungu?

Nikasema nafuata ngazi. Niko karakana, naandika. Ngazi hii hapa, nimeiegemea. Dada kaniita mara mbili.