Safari ya Kubadilisha Landrova

Marahaba, mjukuu wangu Deo. Hapa Shanwe tuko wazima. Mahindi yamekubali, na shangazi yako amejifungua mapacha wanaolia kwa zamu. Unaniuliza kama ubadilishane landrova yako ya zamani na landkruza ya zamani ya rafiki yako. Ngoja nikusimulie.

Nilipokuwa kijana nilikuwa na landrova. Mtu mmoja wa Majimoto akataka tubadilishane na landkruza yake. Nikaondoka asubuhi nimeiosha inang'aa. Nilipofika Sitalike, watu wakapanda tu, maana huku gari likipita na nafasi ni la wote. Nikaona aibu kuwashusha. Tukaingia Majimoto na magunia, kuku na nyimbo!

Ile landkruza ilikuwa nzuri, sikufichi. Nikaiwasha, ikaunguruma vizuri kabisa. Nikamuuliza mwenyewe huwa anabeba nani.

"Simbebi mtu. Watanichafulia viti."

Hapo binti mmoja mwenye kuku kwapani, hata hajashuka, akaniita kutoka kwenye landrova: "Kaka, fanya haraka basi, jioni uturudishe na hii hii!"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, nikamrudishia yule bwana funguo zake.

Binti huyo ndiye bibi yako. Sasa hivi anachungulia barua hii begani kwangu, anasema: "Mwambie mume wangu abadilishe tu akipenda, ila njiani abebe abiria."

Mimi mume mwenza wako,
Babu