Siku Nilipolizidi Gauni Langu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Sisi hapa Muyeye tu wazima, na dadako amejifungua salama mtoto wa kiume.

Umeniuliza makovu yaliyo chini ya magoti yangu ni ya nini. Nilikuwa na matege, magoti hayakutani hata nikiibana miguu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, daktari alituambia mfupa waweza kukatwa ukanyooshwa. Baba akakataa.

"Je, asipotembea tena?"

Sikuwahi kumjibu baba kabla ya siku ile. "Baba, miguu ni yangu. Mimi nataka."

Akaichukua fomu ya daktari ya kuruhusu nipasuliwe, akatia sahihi.

Ya hospitali nayaacha. Plasta ilipotolewa nami nikaweza kutembea bila magongo, nilivaa gauni langu la Idi, likaishia juu ya vifundo.

"Umerefuka!" Mama akasema, akaketi papo hapo kulifumua pindo.

Jioni baba alinipeleka sokoni, akapita njia ndefu makusudi. Kila tuliyekutana naye, baba alimsimamisha.

"Mwamwona binti yangu? Alitaka mwenyewe."

Nakuombea heri huko Eldoret.

Bibi yako,
Mwanaisha